Koni ya mbunya: siku sita kati ya Amu na Malindi

Siku ya kwanza, Jumatatu

Nimetoka Amu, yaani Lamu, baada ya swala ya alfajiri, begi moja begani na kikapu kitupu cha ukili mkononi. Kikapu hicho ndicho sababu ya safari. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafundisha Limuru, karibu na Nairobi, ameniahidi koni, yaani bumba la magamba linalobeba mbegu, ya mbunya, mti wa jamaa ya msonobari nilioufundisha kwa miaka tisa bila kuugusa. Mzigo utashukia Malindi kwa shangazi yangu, nami naufuata huko.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Kila mwaka tukifika kwenye mimea ambayo mbegu zake hazifunikwi na tunda, huwauliza wanafunzi: nani amewahi kuona msonobari? Mikono hupanda darasa zima na vidole vyote huelekea dirishani, kwenye mivinje ya ufukweni. Siwalaumu. Mvinje unavuma kama msonobari, umesimama kama msonobari, na una vijitunda vigumu vinavyoanguka mchangani na kuumiza nyayo. Lakini mvinje hutoa maua, na zile sindano zake si majani. Ni vitawi vyenye viungo. Uvute mmoja, utakatika kwenye kiungo, na hapo utaona vimeno vidogo kama vya panya: hayo ndiyo majani yake. Neno msonobari tunalo tangu zamani, tumelipata kwa Waarabu, ila mti wenyewe pwani hatuna. Mtarakwa na mpodo, jamaa zake wa humu nchini, wako milimani, na watoto wengi ninaowafundisha hawajafika hata Voi.

Mashua hadi Mokowe, kisha basi. Hindi, Witu, Gamba, daraja la Tana, maji yakiwa bado mekundu kwa mvua za vuli. Vizuizi vya polisi vinne, kila mara kitambulisho nje. Baada ya Gongoni na mashamba yake ya chumvi nikajua tumefika, na tulipovuka Sabaki nilikuwa tayari nimesimama na kikapu changu. Shangazi alikuwa amenipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mzigo bado.

Siku ya pili, Jumanne

Mzigo ulikuwa uje saa mbili asubuhi. Umekuja saa tisa alasiri, baada ya kushushwa kituo kisicho chake na kurudishwa. Saa zote hizo nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya mabasi nikiwaza joto la ile buti ya basi. Mbegu za mti huu si kama mahindi au kunde, ambazo unaweza kuzikausha ukaziweka kibuyuni hadi masika. Hizi zikikauka zimekufa. Zinatakiwa ziende ardhini mbichi, au zitunzwe kwenye unyevu na ubaridi.

Nilipofungua gunia, harufu ndiyo iliyonifikia kwanza: utomvu mzito, kama sandarusi iliyowekwa karibu na moto. Kisha ikaja koni yenyewe. Nimebeba nanasi, nimebeba fenesi, lakini kitu hiki sikuwa na pa kukilinganisha. Kijani, duara iliyorefuka kidogo kama yai, kubwa kuliko kichwa cha mtu, imejaa magamba yaliyopangwa kwa mzunguko, kila gamba na ncha kali iliyopinda. Tuliipeleka dukani kwa jirani tukaiweka kwenye mizani: kilo 6 na robo. Mwenye duka aliniuliza ni fenesi la wapi. Nikamwambia linatoka juu ya mti mrefu kuliko mnara wa msikiti, na hukomaa hadi kufika kilo 10. Akasema, "Basi huo si mti wa kulaliwa chini yake." Kweli. Huko kwenye asili yake watu huwekewa vibao vya onyo chini ya miti hiyo msimu wa kuangusha, kama sisi tunavyowaonya watoto wasicheze chini ya mnazi.

Niueleze sasa mti wenyewe. Jina lake la kisayansi ni Araucaria bidwillii, na asili yake ni Queensland, Australia: sehemu kubwa kusini mashariki ya jimbo hilo, kwenye milima inayoitwa Bunya na safu ya Blackall, na vikundi vichache vilivyojitenga mbali kaskazini. Bunya ni neno la wenyeji wa huko. Mimi nauita mbunya na mbegu zake bunya, kama tulivyo na mkorosho na korosho. Hapa nchini ulipandwa kuwa pambo la bustani. Huo wa rafiki yangu uko nyuma ya nyumba anayopanga, na hakuna anayekumbuka nani aliupanda. Amenitumia picha kwenye simu: shina limenyooka kama mlingoti, gome nene na jeusi, matawi ya chini yameshaanguka, na juu kabisa kichwa cha mviringo kama kuba.

Niliiweka koni jikoni kwa shangazi, juu ya mkeka, nikaifunika na gunia bichi. Nia yangu ilikuwa kuifikisha darasani nzima.

Siku ya tatu, Jumatano

Haikufika nzima. Alfajiri shangazi aliniita, na nilipoingia jikoni nikakuta mkeka umejaa magamba. Koni ya mbunya ikishakomaa na kuanguka haikai. Baada ya siku chache huachana yenyewe, gamba moja moja, hadi ubaki ule mkonga wa katikati. Nilikuwa nikilijua hilo kwa kusoma, na bado niliumia. Nilikaa chini nikazigusa vipande vyake kwa muda mrefu.

Shangazi hakuniacha nihuzunike. "Mwanangu, kama imejifungua, si ndiyo ilivyotakiwa?" Akachukua kisu, akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, tukaanza kazi.

Na hapo ndipo nilipokiona kile ambacho koni nzima isingenionyesha. Kila gamba la mbunya hubeba mbegu moja tu, imelala ndani yake kama kidole ndani ya ala. Magamba mengi yalikuwa matupu, chavua haikuyafikia. Mti huu hauna nyuki wala ndege wa kuusaidia. Koni za kiume, ndefu na nyembamba kama mikia, hutoa chavua na upepo huibeba hadi kwenye koni za kike zilizo juu zaidi kwenye mti uleule au wa jirani. Kisha koni ya kike huchukua zaidi ya mwaka mzima kukomaa. Mti ulio peke yake, kama huo wa Limuru, ni bahati kupata hata nusu. Tulihesabu bunya 58, kila moja karibu urefu wa kidole gumba cha mtu mzima, ncha upande mmoja, ganda la kahawia gumu kama la korosho lakini lisilochoma. Utomvu uligoma kutoka mikononi kwa sabuni. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyoutoa.

Shangazi alitenga 20 akazichemsha kwenye maji ya chumvi kwa zaidi ya nusu saa. Nyingine zilipasuka zenyewe, nyingine tukazipasua. Ndani kuna kokwa nyeupe, na katikati yake kijiti chembamba, ambacho ndicho mche wenyewe ungekuwa. Tulionja. Wa kwanza kupata neno alikuwa binamu yangu mdogo: "Kokwa za fenesi!" Ndivyo hasa. Unga uleule, utamu uleule wa mbali, ila hizi zina harufu kidogo ya mti. Zilizobaki sufuriani shangazi alizitia tui na kitunguu na pilipili mbuzi kama anavyopika mhogo, na kwa kweli zilifaa hivyo kuliko kavu. Mbichi pia zinalika; ni ngumu kidogo na zina majimaji. Za kuchoma sijajaribu.

Wakati tunakula niliwasimulia habari za wenye mti huu, kwa sababu sitaki uonekane kama mti usio na watu. Wenyeji wa eneo lile, Wakka Wakka, Kabi Kabi, Jarowair na wengine, waliula tangu enzi. Mbunya huzaa kidogo kidogo kila mwaka, lakini takriban kila mwaka wa tatu huzaa kwa wingi sana. Wajumbe walitumwa mbali, na makabila kwa makabila yalikuja milimani, hata yaliyokuwa na ugomvi, yakakaa pamoja majuma kadhaa: kula, kucheza ngoma, kuozana, kukata kesi. Mbunya ulikuwa na mwenyewe. Baba aliurithisha kwa mwanawe, na si kila mtu alikuwa na ruhusa ya kuukwea. Waliukwea kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni na kwa kuchonga vidato kwenye shina, na milimani huko ipo mibunya mizee ambayo vidato hivyo bado vinaonekana.

Binamu mkubwa, ambaye hukwea minazi kwa ujira, aliacha kula. Aliuliza vidato hivyo vilichongwa pande moja au mbili. Halafu akatoka nje akatazama mnazi wa uani, wenye vidato alivyovichonga babu yetu.

Mwaka 1842 gavana wa Uingereza katika New South Wales, koloni ambalo Queensland ilikuwa bado sehemu yake, George Gipps, alipiga marufuku walowezi kuikalia au kukata miti katika nchi yenye mibunya, ili wenyeji wasinyimwe chakula chao. Haikudumu. Queensland ilipokwisha kujitenga kuwa koloni lake, ulinzi huo ukafutwa mwaka 1860, na mashoka yakaingia. Jina bidwillii linatokana na John Carne Bidwill, Mwingereza aliyepeleka sampuli London mwaka 1843. Mimi ningependa mti huu ungeitwa kwa jina la wale waliochonga vidato.

Siku ya nne, Alhamisi

Matatu hadi Gede. Sikwenda kwa ajili ya magofu safari hii, ingawa nilipita langoni nikaona kibao kipya kinachotaja kuingizwa kwake kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kigiriama mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, ambaye nimesikia kwamba aliwahi kuzipanda bunya.

Nilimwamkia, akanipokea kwa maji ya dafu. Kitalu chake kina mikorosho, miembe, miarobaini, na mivinje kwa maelfu, maana wakulima wa Malindi na Magarini huipanda kama zao, wanauza nguzo za kujengea. Pembeni kabisa kulikuwa na mtapo, mmea unaofanana na mnazi mfupi, koni yake ya njano imekaa katikati ya majani kama yai kwenye kiota. Nilifurahi kuliko alivyotarajia. Mtapo ni wa huku kwetu, nao pia ni wa ukoo wa mbegu zisizofunikwa. Nimekuwa nikihangaikia Limuru na Queensland wakati jamaa yao aliye karibu nasi anauzwa Gede kupambia mahoteli. Mbegu za mtapo zina sumu. Zamani za njaa watu waliila baada ya kuikatakata, kuikausha na kuiloweka siku nyingi, na mzee alisema bibi yake alikuwa akikumbuka kazi hiyo bila kuitamani. Bunya haina mambo hayo. Ukiiokota, unaila.

Kisha akanipeleka kwenye mche wake wa mbunya. Umri wake miaka miwili, urefu unafika gotini mwangu. Majani magumu yanayong'aa, yamepangika pande mbili za tawi kama meno ya kitana, na ncha zake zinachoma kweli. Nilijidunga nilipotaka kuona yanashikaje kwenye shina. Miaka ya mwanzo mti huenda polepole namna hiyo, akasema, na nimesoma vivyo hivyo. Ukishajishika ndipo unapaa. Huko kwao hufika mita 30 hadi 45, na hauzai koni mpaka umepita miaka kumi na kitu.

Lakini kilichonifanya nikae hapo hadi adhuhuri ni jambo jingine. Mzee aliinama akachukua mfuko mweusi wa udongo usiokuwa na kitu juu yake, ningeapa ni mtupu. Akachimbua kwa vidole taratibu, akatoa kitu chekundu-kahawia chenye umbo la karoti ndogo.

"Mwalimu, unakiona hiki? Ndiyo bunya."

Mbegu ya mbunya haipandi juu kama mahindi. Ukiipanda, ganda hupasuka kwenye ncha na kutoa bua jeupe linaloshuka ardhini. Chakula chote kilichokuwa kwenye kokwa, kile tulichokula jana na tui, husafiri kupitia bua hilo hadi chini na kujaza kiazi. Likishamaliza, ganda la juu hunyauka na kudondoka. Ukitazama mfuko, unaona mbegu iliyooza. Chini, mche mzima umekaa na akiba yake, mbali na panya, mbali na moto wa nyika na jua la kiangazi, ukingoja. Halafu siku yake ikifika chipukizi hutoka kwenye kiazi. Na siku hiyo si moja kwa wote. Mzee alipanda 10 siku moja: wa kwanza ulichomoza baada ya wiki kumi, wa mwisho baada ya miezi kumi na moja. Mifuko mitatu ilimwagwa na kijana wake aliyedhani imekufa. Mzee alipoigundua jalalani, viazi vilikuwa vimeshakaushwa na jua. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetaja maiti.

Nilimwachia bunya 5. Alikataa kuchukua pesa ya miche niliyonunua, nami nikaiacha chini ya kibuyu cha maji.

Siku ya tano, Ijumaa

Swala ya Ijumaa, kisha nilitembea hadi upande unaoitwa Casuarina, mtaa mzima uliopewa jina la mivinje, nikaokota vijitunda vya mvinje mfuko mmoja. Darasani nitaviweka kando ya magamba ya mbunya, wanafunzi wapasue vyote viwili wenyewe.

Jioni nilinunua maranda kwa seremala, nikayalowesha, nikazipanga bunya zilizobaki ndani ya kikapu tabaka kwa tabaka.

Siku ya sita, Jumamosi

Basi la asubuhi. Sikuruhusu kikapu kiende butini. Nilikipakata njia yote, na kwenye kila kizuizi askari alitaka kujua kilichomo. Askari wa Witu, kijana wa bara, alikitambua. Alisema nyumbani kwao, karibu na shule aliyosoma, kulikuwa na mti wa namna hiyo na walikuwa wakichoma mbegu zake kwenye majivu. "Zilipasuka paa!" akasema, akanirudishia kikapu kwa mikono miwili.

Amu saa tisa. Nilipopita ufukweni fundi wa majahazi aliniita, maana habari ya safari ilikuwa imenitangulia. Alitaka kujua jambo moja tu: mti mrefu hivyo, ulionyooka hivyo, unafaa mlingoti? Nikamwambia yupo ndugu yake wa kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia, huo unaopandwa bustanini wenye matawi ya ngazi ngazi. Nahodha James Cook alipofika kisiwani humo mwaka 1774 aliitazama miti hiyo na kuona milingoti ya jeshi zima la majini. Ilipokatwa ikaonekana mbao zake hazistahimili, zinavunjika. Fundi alitikisa kichwa. "Urefu si nguvu. Mlingoti lazima ukubali kupinda." Mbunya mbao zake ni nyepesi na laini, Australia huzitumia kutengenezea vifua vya magitaa. Hilo alilipenda, akagonga ubao wa jahazi kwa kidole akasikiliza.

Nyumbani nilikata shingo za madumu 12 ya mafuta ya kupikia, ya lita tatu, nikayatoboa chini. Yanatakiwa marefu kwa ajili ya kile kiazi. Udongo nimechanganya mchanga usio na chumvi niliochotewa Hindi na samadi ya punda iliyooza. Kila dumu bunya moja, imelazwa na ncha yake imeelekea chini kidogo, maji kiasi, maana zikizidishiwa huoza. Hapa mjini hazitabaki. Vichochoro vyetu vina upana wa punda mmoja na mzigo wake, na upepo wa kaskazi unaleta chumvi hadi dari la tatu. Mti wa milima yenye mvua hautapenda. Ikichomoza itakwenda shambani kwa mjomba, Hindi, bara, kwenye udongo mzito zaidi, mbali na nyumba na mbali na njia ya watu. Sina hakika kama joto letu litauruhusu kuzaa. Nimempigia mjomba, ameuliza utazaa lini, nikamwambia ukweli, akanyamaza kidogo, akasema shamba lipo.

Bunya 20 ni za darasa. Ya mwisho nimeiweka kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari, imeegemea ukuta wa chupa ili tuone inavyoshuka. Mizizi haipendi mwanga, kwa hiyo nimeizungushia kitambaa cheusi cha buibui la zamani la mama na kukifunga kwa uzi. Mwanangu wa kike ameshakifungua mara mbili tangu magharibi. Nimeandika tarehe kwenye kifuniko, na chini yake, kwa herufi kubwa kwa ajili ya watakaosafisha maabara: ISIMWAGWE.